Mgagani wa Nungunungu

Enzi wanyama walipolima wenyewe, Nungunungu alikuwa na bustani ya mgagani iliyostawi kuliko zote, wala hakumruhusu yeyote kugusa jani. Kanga alipokuja na vifaranga wake kuomba mboga ya jioni, alimjibu, "Ngoja kwanza ikue, jirani. Ukiichuma sasa utaiharibu."

Kanga akaenda zake kwa Digidigi, ambaye naye alilima mgagani, wala hakumnyima mtu.

Siku mke wa Nungunungu alipojifungua, alitamani mgagani wa maziwa. Nungunungu akakimbilia bustanini kwa furaha. Kumbe mimea yote ilishatoa maua na kufunga mbegu, na majani yamekomaa. Aliyachemsha mpaka kuni zikaisha, lakini mama mzazi hakuweza kuyatafuna.

Akaenda kwa Digidigi ameinamisha kichwa. Huko kila shina lililochumwa lilikuwa limetoa matawi mapya, laini. Lakini Kanga alikuwa ametangulia, na machipukizi yote yalikuwa kapuni mwake. Nungunungu akageuka kuondoka.

Kanga akamtwisha kapu lote. "Mpelekee mzazi, jirani. Sisi tutasubiri ichipue tena."