Wimbo wa Mama Zamda

Miaka hiyo kila wimbo uliruhusiwa kukaa kwenye kicheza muziki kimoja tu. Ukihamishwa, hufutika ulikotoka.

Zamda alikwenda dukani na mumewe, Shomari, kuchagua kicheza kipya. Alitaka kuhamishia humo wimbo wa kubembelezea watoto ulioimbwa na marehemu mama yake. Alikuwa akiutunza kwa ajili ya mtoto ambaye bado hawajajaliwa.

Muuzaji alijaribu, akasita. "Dada, wimbo haumo. Ulihamishiwa kwa mtu anayeitwa Salha. Unapigwa sasa hivi."

Neno la siri la kuuhamisha wimbo huo walilijua Zamda na Shomari tu. Zamda alimgeukia. "Nani anabembelezwa na mama yangu?"

Shomari aliinua kicheza chekundu bila kumtazama. "Chukua hiki, mke wangu. Kina nafasi kubwa."