Aliyewakubali Wote Sawasawa

Tarehe tatu Machi. Asubuhi hiyo mjini Edmonton theluji ilifika magotini na upepo ulikata masikio. Kabla ya saa tatu, Darlene alikuwa ameshachumbia watu kumi na wawili, na tisa walikuwa wamemkataa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kampuni ilitengeneza mchezo wa kompyuta wa mashujaa na majoka, naye aliujaribu kabla haujauzwa. Alimchumbia kila mhusika, mara akiwa shujaa mwanamume, mara akiwa shujaa mwanamke, kisha akaandika nani amekubali.

"Mwanamume anayependa wanawake ana wachumba sita," alimwambia mkubwa wake, Bohdan, mbele ya timu nzima. "Anayependa wanaume ana mmoja, naye anazama mtoni sura ya pili. Mwanamke anayependa wanawake ana mchawi mmoja wa kike, naye anageuka jiwe kabla hujamshika mkono."

"Dada Darlene, waigizaji wanarekodi sauti Ijumaa. Tumechelewa."

"Nilimwambia mke wangu kwamba safari hii akicheza atapata mwanamke mwenzake wa kuishi naye hadi mwisho wa mchezo. Leo nikamwambie nini? Kwamba hata jiwe lina moyo?"

Watu wakacheka. Bohdan hakucheka.

"Mhusika anayempenda kila mtu sawasawa hawezekani. Wachezaji hawatamwamini."

"Yupo mmoja. Nimempata jana."

"Humu humu kwenye mchezo wetu?"

"Humu humu. Nilimwendea kama mwanamume, akakubali. Nikamwendea kama mwanamke, akakubali. Hakubadilisha hata neno."

Gurpreet, fundi wa programu, ambaye kila mhusika mpya humtengeneza kwa kunakili wa zamani, alianza kukagua kucha zake.

"Ni mwana wa mfalme," Bohdan alisema.

"Yule ana maringo. Huyu wangu yuko shambani. Mvua imnyeshee, jua limchome, haondoki. Na mikono yake iko wazi kwa kila ajaye."

"Mkulima." Sauti ya Bohdan ililegea, maana wazazi wake walilima ngano maisha yao yote. "Nilijua tu. Wakulima wana utu. Haya, tuonyeshe. Ikiwa ni kweli, sina tena la kujitetea."

Darlene akawasha skrini kubwa. Shujaa wake wa kike alipiga goti katikati ya ngano na kutoa pete. Maneno ya mchumba yakatokea: "Nilikuwa nakungoja wewe tu."

Kunguru akatua kwenye kofia ya mchumba, akamchomoa unyasi shingoni, akaruka nao.

Bohdan akasimama, akainua mkono wa kuume.

"Mbele yenu nyote naahidi," alisema, "ikifika Ijumaa, hakuna binadamu katika mchezo huu atakayezidiwa utu na sanamu ya kutishia ndege."