Jiko Lililopoa

Katika kaunti yetu, jiko la mpangaji likikaa siku tatu bila moto, sheria inahesabu nyumba imeachwa na mlango unajifunga wenyewe. Kuna kipima joto ukutani, nyuma ya mafiga. Hakimuulizi mtu kitu.

Mume wangu Mwakio alipofariki, hatukuwasha moto. Nani huku kwetu anapika kwenye nyumba yenye matanga? Jirani yangu Mghoi, mpangaji kama mimi, alitupikia kwake akatuletea. Tuliporudi kutoka kaburini tulikuta mlango umefungwa, na watoto wangu wakabaki nje na nguo zao za msiba.

Mwenye nyumba, Mzee Kilelo, alikuwa papo hapo kati ya waombolezaji, anachokonoa meno.

"Pole, mama. Si mimi, ni mlango," akasema. "Sheria haijui matanga."

"Na wewe je, huyajui?" nikamfokea. "Umekula wali wa Mghoi hapa kwangu siku zote hizo! Uliona jiko limepoa, ukanawa mikono, ukaomba uongezewe nyama!"

Mlango hakuufungua.

Sasa tunalala kwa Mghoi, kwenye stoo ya mahindi. Juzi baba yake alifariki. Watu wanalia uani, na jikoni moto unawaka kutwa kucha chini ya sufuria ya maji matupu. Kila anayekuja kutoa pole anabeba ukuni.

Leo Kilelo naye amekuja. Nimemchotea bakuli la maji yale, yanafuka moshi, nikamwekea mbele.

"Karibu ule, Mzee."