Kwa Macho Yangu Haya Mawili

Japheth alikanyaga breki katikati ya barabara ya Kandara, huko Saudia, na madam, mwajiri wake aliyeketi nyuma, akamwaga kahawa kwenye abaya yake. Ng'ambo, kupita lori la maji na msongamano wa watu, Alfayo alikuwa amejitwika mtungi wa gesi begani, akipanda ngazi za nyumba ya vyumba vya kupanga.

"Yalla, Jafet," madam akafoka.

Japheth aliondoa gari bila kuomba msamaha. Alikuwa ameendesha kutoka Riyadh kumleta madam kwa dada yake, mtaa wa Aziziya, jua la jangwani likimpiga usoni njia nzima, na bado alimtambua mtu kwa kisogo tu. Hilo lilimpendeza sana. Japheth alipendezwa na mambo mengi aliyoyafanya mwenyewe.

Yeye na Alfayo walikuwa kambi moja, wakastaafu jeshi mwaka mmoja. Kila aliyetoka kambi ile alijua kwamba Alfayo alipewa cheti cha ulemavu baada ya mlipuko wa mpakani. Mwenye cheti kile pensheni yake ya jeshi haikatwi kodi. Na sasa kilema huyo analinda ghala huko Al-Mahjar, na siku ya mapumziko anapandisha gesi ghorofani mbiombio.

Wizi mtupu, Japheth akajiambia. Nchi itaendelea vipi na watu kama hawa?

Alipomshusha madam, alirudi Kandara. Alimkuta Alfayo nje ya duka la simu, akajibandika tabasamu.

"Alfayo, ndugu yangu. Miguu inasemaje siku hizi?"

"Eh, joto la huku ni balaa," Alfayo akasema, akimtazama mdomoni. "Bado uko Riyadh?"

"Nimekuuliza miguu."

"Nyumbani hawajambo. Monicah yuko mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi. Pensheni ndiyo inamsomesha, bro. Huu mshahara wa ghala ni wa kula na kulipa chumba. Wakianza kuikata ile pensheni, halas, mtoto anarudi nyumbani."

Kaulizwa miguu mara mbili, kakwepa mara mbili. Japheth hakuhitaji kusikia zaidi. Habari ya Monicah ilimwingilia sikio moja ikatokea la pili. Watoto wa wengine pia wanasoma, na baba zao hawaibii serikali.

Jioni alimpigia mkewe Priscilla, Kitale. Priscilla ni mke wa kupigiwa mfano. Kila Japheth anapoenda likizo, humngoja uwanja wa ndege, humshika mkono mpaka garini, na tangu garini mpaka mlangoni kwao, mbele ya majirani wote. Japheth naye hutembea polepole kando yake, kavaa miwani yake ya jua, kichwa juu. Majirani husema mapenzi ya namna hiyo yamebaki kwa hao wawili tu.

"Nitamripoti," Japheth akasema.

"Baba Derrick, achana na mambo ya watu."

"Siwezi kufumba macho wakati mtu anaiba mchana kweupe."

"Kwani kufumba macho kumeanza kukushinda leo?" Priscilla akauliza. "Sisi tunakula, tunalala, hakuna anayetuuliza kitu. Huyo Alfayo amekukosea nini?"

Hakuwa amemkosea kitu. Lakini kuna mtu ambaye mwenzake akisamehewa, yeye huona ameibiwa. Japheth alimwambia mkewe kwamba wanawake hawaelewi mambo ya uzalendo, akakata simu.

Asubuhi, akiwa ndani ya gari nje ya nyumba ya dada wa madam, alipiga simu Nairobi, ofisi inayoshughulikia misamaha ya kodi za pensheni. Afisa aliyepokea alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole. Alimsikiliza mpaka mwisho: gesi, ngazi, mlemavu bandia.

"Taarifa isiyo na jina hatuwezi kuifanyia kazi," mama akasema. "Wewe unaitwa nani?"

Jeshini hakuna anayeulizwa jina akataja jina peke yake. Japheth alinyoosha mgongo, kidevu kikapanda, na kwa sauti ya gwaride akatoa cheo, jina, na namba yake ya jeshi mpaka tarakimu ya mwisho. Mlinzi wa nyumba ya jirani aligeuka kutazama.

Upande wa pili vidole viligonga kompyuta.

"Sajenti," mama akasema, "umesema ulikuwa unaendesha gari?"

"Ndiyo. Mimi ni dereva huku Saudia."

"Na huyo Alfayo alikuwa ng'ambo ya barabara?"

"Mbali kabisa, kuna lori katikati. Lakini nilimwona kwa macho yangu haya mawili. Hakuna kinachonipita, mama."

"Unaweza kuapa hivyo?"

"Hata mahakamani."

"Ninaandika," mama akasema, na kweli alisikika akiandika, bila haraka. "Alfayo alisamehewa kodi kwa sababu ya masikio. Miguu yake haijawahi kuwa na neno."

Japheth alifungua mdomo, lakini mama hakuwa amemaliza.

"Sasa, Sajenti, faili yako wewe ninayo hapa mbele yangu, na inasema umesamehewa kwa sababu ulipofuka macho yote mawili. Hebu anza tena polepole: uliona nini?"