Mstari wa Chaki

Kaka yake alipoinua mkono kule juu ya mteremko wa Giheta na kuiachia baiskeli, ndipo Latifa alipoliona kosa.

Asubuhi, kwa mwendo wa taratibu, breki aliyoibuni kwa mtihani wake wa usanifu iliisimamisha baiskeli ndani ya mita tano. Sasa mwendo ungekuwa maradufu. Kwa hiyo alipima mita kumi kutoka pale kaka yake atakapokamata breki, akachora mstari wa chaki, akawaambia wauza nyanya wakae nyuma ya mstari huo bila wasiwasi.

Lakini mwendo ukiwa maradufu, umbali wa kusimama huwa mara nne. Mita ishirini. Alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza.

Chaki ilimvunjikia kiganjani.

“Mama, ondokeni hapo.”

“We si ulisema atasimama hapa?” alijibu mama wa mbele, akizidi kupanga nyanya zake. “Sisi tunakuamini.”

Latifa alikinyakua kikapu cha mama huyo, akakitupa mtaroni kando ya barabara. Mama akaruka kukifuata huku akimtukana, na wenzake wakainuka kuja kumpiga. Wote, isipokuwa bibi mmoja aliyebaki amekaa palepale nyuma ya mstari, akicheka.

Nyuma yao breki ikaanza kulia.