Kanuni ya Karatasi

Printa ilitema ukurasa wa nne, nao ulikuwa mweusi tii kama zile kurasa tatu zilizotangulia. Fundi mgeni akashika kichwa. Kwenye kioo cha kompyuta kazi yake iling'aa: maelekezo ya wagonjwa wa zahanati, maandishi meupe juu ya bluu nzito, vitufe vimejipanga. Kwenye karatasi ilikuwa balaa, na wagonjwa wangepewa karatasi.

Ilikuwa siku yake ya mwisho ya majaribio, na nafasi ya kazi ilikuwa moja tu. Saa tisa kazi ilipaswa kufika kwa Mama Kalamu, aliyekaa peke yake chumba cha ndani na kalamu yake nyekundu. Karatasi ngapi zilitoka mle zimechanjwachanjwa, fundi alishapoteza hesabu.

Dada wa meza ya jirani akasogeza kiti. Siku ile ya kwanza alimwambia kuwa hata yeye bado anajifunza, na fundi akajua papo hapo kwamba wanagombania nafasi ileile. Tangu hapo akawa anamfichia kioo chake. Leo hakuwa na ujanja.

"Kanuni zako zote za kupamba ukurasa zinaamuru tu," dada akasema. "Ongeza moja inayoanza na alama ya @. Hiyo inauliza kwanza: tunakwenda kwenye kioo au kwenye karatasi? Nguo za harusini huendi nazo shambani."

Akamwonyesha. Waliandika @media print, wakafungua mabano, na ndani wakaweka maagizo ya karatasi peke yake: maandishi meusi, nyuma peupe, vitufe vyote vifichwe. Printa ikatoa ukurasa mmoja, safi. Fundi alifurahi mpaka akaona haya.

Mama Kalamu aliusoma mstari kwa mstari. Kalamu haikugusa kitu.

"Hongera," akasema. "Niliambiwa karatasi ikipita, nafasi ni yako."

Angeweza kushukuru akaenda zake, lakini moyo ulimsuta. Akaeleza yote, jinsi alivyokwama na jinsi yule dada alivyomwokoa huku akijua anajikatia riziki.

"Kama nafasi ni moja, mama, umwajiri yeye. Mimi nitatafuta kwingine."

Mama Kalamu akavua miwani, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nimwajiri mimi? Mwanangu, mimi hapa nakagua karatasi tu. Huyo ndiye anayetulipa mshahara."