Ngiri Aliyejiita Kifaru

Inasimuliwa kwamba zamani mnyama mgeni aliyefika bondeni hakujitafutia mhudumu wa kumtoa kupe. Alimtajia Korongo jina lake tu, naye Korongo akamwita anayejua kumhudumia mnyama wa jina hilo.

Siku moja akaja Ngiri, kupe wamemjaa mwili mzima. Alipowaona Tembo na Nyati wamepanga foleni mbele yake, akaona haya.

"Jina lako, bwana?" akauliza Korongo.

"Kifaru," akajibu Ngiri, akitunisha kifua.

Korongo hakubishana naye. Akamwita Shashi, ndege wa vifaru, aliyezoea ngozi nene. Pigo la kwanza la mdomo wake lilimtoa Ngiri damu, la pili likamtoa machozi.

"Basi, basi! Mimi si Kifaru," akalia. "Mimi ni Ngiri tu."

Akainama, akingoja kuchekwa. Badala yake Nguchiro aliruka kutoka kwenye kichuguu.

"Ngiri! Mbona hukusema mapema, ndugu yangu? Nimekaa hapa nalingoja jina hilohilo!"

Akaanza kumtoa kupe, mmoja mmoja, taratibu. Ngiri akalala ubavu, akashusha pumzi ndefu, na kabla hajageuzwa upande wa pili alikuwa anakoroma.